Pipa la Mzee Ndoo

Gari liliuzwa, gereji ikabaki, na watu wawili wakaitaka. Upande wa mlangoni mke aliweka viti, kioo na draya, akafungua saluni. Kona ya nyuma mume akasimamisha pipa la maji ya samaki wake wa mapambo, waliokaa kwenye tangi la kioo sebuleni. Wateja, kwa kumwona kila mara na ndoo, wakambatiza Mzee Ndoo. Jina hilo hakulipenda hata chembe, maana mtu aliyeendesha lori ujana wake wote anastahili heshima kidogo, jamani.

Sasa, maji ya bomba huwamiminii samaki hivi hivi. Dawa ya kuulia vijidudu iliyomo itawamaliza. Sharti yakae kwanza pipani, dawa ipungue. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu gereji ya bati wakati wa joto ni tanuri, na ukijumlisha draya zinazopuliza kutwa nzima, maji yakishatulia yamebakiza majani tu yawe chai. Mzee alilipandisha pipa juu ya matofali, akalivika magunia yaliyolowa, akatumbukiza chupa za barafu zilizofungwa vizuri. Mkewe alisema yeye mwenyewe alipougua homa hakukandwa kwa bidii hiyo. Mzee akaendelea kulowesha magunia. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa na haja naye, ila samaki wale wakimwona tu walikuja mbio kwenye kioo cha tangi. Aliwapenda kwa hilo. Kwa hiyo akapiga marufuku: pipa lisiguswe na mtu.

Siku moja joto lilizidi. Sebuleni samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanaitafuta pumzi. Wasipobadilishiwa maji mchana huo, basi tena. Mzee akatoka na mpira, akalinyunyizia paa la gereji ili ndani kupoe, akaloweka magunia, akarudia paa, huku anapiga mluzi. Kipima joto cha pipani kikashuka. Akachekelea, akachukua ndoo.

Ndipo mkewe alipofungua bomba la saluni, nalo likakohoa tu. Kumbe maji ya mtaa yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, na yale ya tanki la akiba la nyumba Mzee alikuwa ameyamaliza juu ya bati. Kwenye kiti alikuwa binti mmoja karani, mpole, kichwa kizima kimepakwa dawa ya nywele. Dawa ile ikipitiliza inachoma ngozi. Karani akasema kwa adabu kwamba inawasha. Baada ya hapo adabu ikamwisha.

Mke akalitazama pipa, kisha akamtazama mumewe. Mwanamke mwenye maneno ya kutosha mtaa mzima, leo hakusema hata moja. Angegomba, Mzee angepata pa kushikia. Lakini aliomba kwa macho, na hayo yalimwingia.

Roho ilimuuma Mzee, asikudanganye mtu. Akawafikiria samaki wake wanavyohema, akaona na vidole vya karani vilivyong'ang'ania kiti. Akachota. Akamwinamisha yule binti kichwa, akammwagia mwenyewe, taratibu, ndoo kwa ndoo, mpaka pipa likakauka. Karani akashusha pumzi, akasema hajapata kuoshwa kwa maji mazuri namna ile. Mzee alitamani kulia.

Akarudi sebuleni kuwaaga samaki wake. Haukupita muda, mkewe akaingia na feni ya saluni mikononi. Alikuwa amefunga kazi mchana kweupe, wateja wamejaa, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua ile homa. Akaondoa kifuniko cha tangi la samaki, akaielekeza feni juu ya maji, akaleta chupa za barafu zilizobaki kwenye friji, kisha akaketi sakafuni akipepea kwa kipande cha boksi. Mzee naye akachukua kipande chake. Walipepea mpaka mikono ikafa ganzi, na samaki wakaanza kushuka, mmoja mmoja.

"Yule mnene," mke akauliza, "mwenye kisirani, anayewafukuza wenzake. Ana jina?"

Mzee akazidi kupepea kwa kasi. Mkewe akarudia swali.

"Analo," akasema Mzee. "Nilimpa lako."

Boksi likasimama hewani. Mkewe akamtazama samaki, akamtazama mume, akacheka kidogo.

"Na mimi mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikimwonea wivu."