Niite, Nitaitika

Ubongo hauumi ukiguswa, daktari aliniambia, kana kwamba hiyo ilikuwa habari njema. Ndiyo maana angeweza kunipasua kichwa nikiwa macho. Uvimbe ulikuwa umejibanza jirani na mahali maneno yanapokaa, na ili ajue asikate wapi, ilinibidi niongee mfululizo huku yeye akigusagusa kwa umeme kidogo. Nikikwama ghafla, basi pale pana maneno.

Miaka yote nimewafundisha Kiingereza watoto wasiokitaka, na mume wangu, fundi magari, hulalamika kwamba nikianza kuongea sina breki. Siku niliyoombwa niongee mpaka nichoke, mate yalinikauka kwa woga.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji mume wangu aling'ang'ania kitanda changu kama anazuia gari lisiserereke. Tulikuwa tumezozana wiki nzima. Mimi nilitaka daktari asiguse chochote chenye maneno, yeye alitaka uvimbe utolewe wote. Alisema yuko radhi kuishi na bubu kuliko kula chakula peke yake akitazama picha yangu ukutani.

"Baadaye nikikuita, uitike," alisema. "Sitaki kingine."

"Niite, nitaitika."

Ndani walinibana kichwa kwa vyuma. Ganzi iliondoa maumivu lakini haikuondoa mlio wa drili, na mlio ule niliusikia hadi kwenye meno. Kisha binti mmoja mpole, mtaalamu wa matamshi, aliketi karibu na uso wangu chini ya shuka la kijani, akaniuliza ningependa kuzungumzia nini. Nikajibu, re. Ni kiambishi cha Kilatini nilichokifundisha mpaka nakiota.

Nilianza kwa sauti ya darasani. Nikamweleza kwamba re ni tena, au nyuma. Reject ni kutupa nyuma. Reveal ni kurudisha pazia nyuma, kwa sababu velum ya Kilatini ni pazia. Remain ni kubaki nyuma wenzako wakiondoka. Hapo nikajilaumu kwa nini sikuchagua kiambishi kingine. Binti akanikumbusha niendelee.

"Respond," nikasema. "Spondere ni kuahidi. Kwa hiyo respond ni..."

Hakuna kitu. Maana niliijua, niliiona kabisa, ila mdomo haukuwa na cha kushika. Daktari akasema, "Hapa," akaondoa umeme, na maneno yakarudi yote kwa pamoja. Nikamalizia kwamba ni kurudisha ahadi, mtu anakuahidi nawe unamwahidi. Machozi yakaniingia masikioni na sikuweza kuyafuta.

Baada ya muda mrefu daktari alininong'oneza kwamba ameutoa karibu wote. Kilibaki kipande kimoja, chini ya pale pale niliponyamaza. Akikiacha, kitakua tena. Akikitoa, huenda nikapoteza maneno, kwa muda au moja kwa moja. Tulikuwa tumeshakubaliana akiache, lakini alitaka kunisikia kabla hajafunga.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Niliwaza ubao wangu, chaki, kelele za wale watoto watukutu. Halafu nikaiwaza ile picha ukutani, na sahani moja mezani.

"Toa," nikasema. Binti aliponiuliza kama nina hakika, nikarudia haraka kabla sijaghairi. Hilo ndilo neno la mwisho nililotamka siku hiyo.

Nilipozinduka wodini mume wangu alikuwa ameniinamia, mikono yake ikinuka ile sabuni ya unga ya gereji.

"Mwalimu," aliita.

Nilijua ninachotakiwa kusema. Ni abee tu, hata mtoto anaisema. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Mwalimu."

Uso wake ulianza kubadilika, akageuka kumtafuta muuguzi. Alidhani simsikii. Alidhani simjui, na hilo lilinitisha kuliko ububu wenyewe. Nikapapasa juu ya shuka mpaka nikapata kidole chake, nikakibana kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, hadi akakunja uso kwa maumivu.

Alikitazama kidole, akanitazama mimi, akavuta kiti taratibu.

"Haya," alisema. "Nimesikia umeitika."