Dakika ya Thelathini na Moja

TANGAZO
Wanachama wote mnaarifiwa kuwa Jumamosi, saa nane mchana, utazinduliwa ubao wa kumbukumbu ya fremu, yaani mchezo mmoja, iliyo ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa katika klabu yetu ya snuka hapa Nakuru. Muda: saa 2, dakika 11. Habil Mudasia 61, Zakaria Kirubi 58. Atakayeufunua: Bw. Kirubi mwenyewe.

*

Mudasia alilisoma mara tatu, akitafuta kisingizio cha kutokwenda.

Hakukipata.

Dakika ya 12, enzi zile.
Mipira mitano myekundu imejibana ukingoni. Hakuna anayethubutu kuigusa. Huyu anausogeza mpira mweupe, yule anaurudisha. Watazamaji wanapiga miayo.

31.
Mudasia anainama. Kifungo cha mkono wa shati kinaugusa mpira wa kahawia. Unatikisika, unatulia. Refa yuko upande wa pili, anafuta miwani.

KANUNI YA 9
Mchezaji akigusa mpira kwa nguo au mwili, atajitaja mwenyewe, hata kama hakuonekana. Kwa mpira wa kahawia, mpinzani hupewa pointi nne.

(Nawe msomaji, usijifanye malaika. Miaka kumi na tisa ya mazoezi, nafasi moja tu ya timu ya taifa kwa mshindi, na hakuna aliyeona.)

31, bado.
“Umegusa, ndugu yangu?” Kirubi aliuliza kwa upole.

“Hapana.”

“Haya, tuendelee.”

131.
Pointi tatu.
Tatu tu. Mudasia akaenda timu ya taifa. Kirubi akampa mkono, kisha akaenda kuiuza fimbo yake ya kuchezea.

YALIYOSIKIKA JUMAMOSI, KARIBU NA BIRIKA LA CHAI
— Saa mbili nzima! Mimi ningelala.
— Mudasia ana moyo wa chuma, wallahi.
— Mbona basi hali keki?

*

Kirubi, mvi tupu sasa, alimkumbatia Mudasia mbele ya watu wote.

“Wajukuu huniuliza kama iliniuma. Nawaambia, iliniuma sana. Lakini nilishindwa na mtu mwaminifu. Nilimwuliza, akanijibu.”

Watu wakapiga makofi. Mudasia aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Miaka yote alijiambia kwamba Kirubi amesahau lile swali. Kumbe ndilo lililomfariji.

*

Kirubi ameshika kamba ya pazia linalofunika ubao.

“Ngoja, Zakaria.”

Mudasia akasogea mbele.

“Ile dakika ya thelathini na moja…”

Kirubi akatabasamu, akidhani anasifiwa.

“Uliponiuliza, mimi nilikudanganya.”