Msamaha wa Ng'ambo ya Mpaka

Apollonia alirudi kutoka Jüterbog miguu imemvimba, matope ya Kwaresima yamemfika magotini, na hati ya rehema, karatasi ya kununua msamaha wa dhambi, ameificha kifuani. Mtawala wao wa Saksonia alikuwa amepiga marufuku biashara hiyo, basi watu walivuka mpaka kwenda kununua, kama waendavyo gulioni. Yeye aliuza mabata bukini wake wote kwa ajili ya karatasi ile. Kama ni ujinga, ulikuwa ujinga wa mji mzima.

Dhambi yenyewe ilikuwa moja. Mama yao alipokuwa akikata roho, Apollonia ndiye aliyefua mashuka, ndiye aliyekesha, lakini jina lililotoka kinywani mwa mgonjwa lilikuwa la mdogo wa Apollonia, Walpurga, aliyeolewa kijiji cha pili. Wivu ukamkaba. Akatuma salamu kwamba mama ana homa tu, hakuna haja ya kuja. Walpurga alikuja kukuta kaburi. Tangu hapo hawakusemezana.

Kesho yake akaenda kuungama, maana Pasaka ilikaribia na bila kuondolewa dhambi asingepokea komunyo. Padri Lampert alimsikiliza akiwa ameshika tama.

"Umemwomba radhi mdogo wako?"

"Ya nini tena, Baba? Hii hapa." Akamsogezea hati. "Imeandikwa padri yeyote nitakayemchagua aniondolee. Nimekuchagua wewe."

"Tangu asubuhi nachaguliwa tu," padri alisema kwa uchovu. "Mwingine kaniletea kibali cha kula siagi Kwaresima, anadhani ndicho cha uzinzi."

"Changu si cha siagi."

"Najua. Lakini wewe umelipa, hujajuta. Nenda kwa Walpurga, kisha urudi."

"Jüterbog walisema..."

"Basi warudie hao hao wakuondolee."

Apollonia alitoka amefura. Lakini mtu aliyechoka hata hasira haimkai, na kabla ya kufika kwenye kinu cha maji ilikuwa imekwisha. Ikabaki aibu. Alivuka mpaka kwa miguu ili asibishe hodi kwa mdogo wake, kijiji cha pili tu! Mficha uchi hazai, akajiambia, akashika njia ya kijijini.

Walpurga alikuwa akipaa samaki mlangoni.

"Mdogo wangu," Apollonia alisema, hata hakungoja kukaribishwa. "Ile salamu ya homa. Nilijua mama anakufa. Nilijua, na alikuwa anakuita wewe. Nisamehe."

"Umechelewa, dada."

"Najua."

"Hujui. Nilikuchukia mpaka usingizi ukanipaa. Juzi nami nimekwenda Jüterbog, wamenifutia chuki hiyo. Sasa sikuchukii, wala sikupendi. Nikusamehe nini?"

"Nitukane basi."

"Sina nguvu hizo."

Walpurga akarudia samaki wake. Kisu kilikwenda, kikarudi, kikasimama.

"Aliniitaje?" akauliza bila kuinua macho.

"Walli. 'Walli wangu yuko wapi?' Mpaka mwisho. Nami nikamwambia umekataa kuja."

Hilo hakuwa amemwambia hata padri. Walpurga aliinuka, akamzaba kofi la nguvu zake zote, magamba yakamganda Apollonia shavuni. Kisha akasimama pale akilia kwa sauti, mdomo wazi. Apollonia akaushika mkono uliompiga, akaung'ang'ania, na mdogo wake hakuunyofoa.