Alama Nilizompa Fundi Seremala

Nilifundisha darasa la sita kwa miaka kumi na saba, na ukiniuliza kwa nini niliacha nitakujibu neno moja: koo. Daktari aliniambia nikiendelea kuwapazia sauti watoto sitini kila siku, nitazeeka nikinong'ona. Nikaandika barua ya kuondoka. Mkuu wa shule, mwanamke mwenye akili kuliko wengi niliowahi kuwa chini yao, hakubishana nami. Alisema maktaba inahitaji mtu, kazi ya kimya kimya, na atanishikia nafasi mpaka Ijumaa ya wiki ya kufungua shule. Siku hiyo saa sita mchana atanipigia. Nikipokea na kusema narudi, funguo ni zangu. Nisipopokea, atampa mwingine.

Kazi niliyoikimbilia inaitwa usaidizi wa mtandaoni. Usicheke, mimi mwenyewe nilicheka niliposikia. Mtu yuko huko mbali, shughuli zimemzidi kimo, nawe ukiwa kwako unamshikia barua pepe, miadi, wateja na manung'uniko yao, na pengine hamtaonana uso kwa uso maisha yenu yote. Nilijifunza miezi mitatu, nikachukua meza ya zamani ya cherehani ya mama mkwe, nikaisogeza kwenye kona ya chumba changu cha kulala, nikatundika pazia nyuma ya kiti ili mteja asione kitanda. Ofisi hiyo, tayari. Mteja nilipata mmoja.

Mama mkwe ndiye ninayeishi naye tangu mwanawe, mume wangu, alipotutoka. Tunapendana, lakini kwake yeye mtu aliye nyumbani hafanyi kazi, basi. Niko katikati ya barua, naitwa nikamtungie uzi kwenye sindano. Nimeshika simu ya mteja, naulizwa kama nimeona miwani, na miwani iko kichwani kwake. Majirani wakimuuliza habari zangu anawajibu, "Mkwe wangu anapumzika." Anapumzika! Nilimwambia neno hilo linanichoma, akaniuliza kwa upole ni kazi gani hiyo isiyochafua hata kiatu. Nikameza jibu langu, maana lilikuwa kali.

Huyo mteja wangu mmoja alikuwa fundi seremala, mzee wa miaka sitini na minne mwenye karakana ya vitanda na makabati katika mji ambao sijawahi kuukanyaga. Mikono ya dhahabu, lakini barua za wateja alikuwa akiziogopa kama polisi. Maagizo alinitumia kwa ujumbe wa sauti, msumeno ukinguruma nyuma yake. Majibu aliyaandika mwenyewe, kisha ananiletea niyapitie kabla hayajatoka. Wiki mbili za mwanzo tulikwenda vizuri, nikaanza kuamini kwamba maktaba sitaiona.

Jumatatu ya wiki ile ile ambayo mkuu angenipigia, fundi akaniletea jibu la kumpelekea mama mmoja aliyesubiri kabati miezi mitatu. Nikasoma. Mbao zilichelewa, mvua ilinyesha, msaidizi aliumia kidole, misumari iliyoletwa haikuwa yenyewe. Ukurasa mzima! Wala hapakuwa na mahali mtu huyu alipomwambia yule mama pole. Damu ikanipanda. Mazoea yana tabu, jamani. Kabla sijajua mkono wangu unafanya nini, nilikuwa nimegeuza rangi ya maandishi kuwa nyekundu, nikapiga mistari, nikaandika pembeni: "Umejitetea, hujajibu swali. Neno la radhi liko wapi?" Na chini kabisa: "11/20. Unaweza zaidi. Nione." Nikamrudishia, nikainuka kwenda kutunga uzi.

Niliporudi mezani ndipo nikasoma nilichokituma. Nione! Mtu wa umri wa baba yangu, tena ndiye mwajiri. Nilijiona nimepungua mpaka naweza kuingia kwenye droo. Nikamwandikia kuomba msamaha, ujumbe nikaona umesomwa, jibu halikuja. Jumanne kimya. Jumatano kimya, hata msumeno siusikii. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi nilimsimulia mama mkwe. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, akarudia "nione" mara tatu kwa raha zake. Alipoona sicheki akairudisha miwani usoni. Akaniambia nirudi shule, maktaba ni pazuri, nitakaa na vitabu na hakuna atakayenikasirikia. Nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu: sikuacha kwa sababu ya koo peke yake. Niliacha kwa sababu tangu tumzike mwanawe nimekuwa nikiishi maisha niliyoyakuta, na nilitaka kitu kimoja nilichokianzisha mwenyewe. Nikirudi kesho, sitajaribu tena. Nilijijua. Mama mkwe alinishika mkono, akakaa nao mapajani kwake muda mrefu.

Ijumaa asubuhi hakuniita kutunga uzi. Alivuta kigoda akakaa nje ya mlango wa chumba changu, na jirani alipokuja kupiga soga nikamsikia akimrudisha, eti aje jioni, "mkwe wangu ana shughuli." Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nimeikodolea macho kompyuta tu, nikijikaza nisilie.

Saa tatu simu ikaita. Fundi. Safari hii nyuma yake palikuwa kimya. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia taratibu. Akanieleza kwamba Jumanne alikwenda kwa yule mama wa kabati kwa miguu yake, akamwambia samahani bila kutaja mvua wala misumari, na yule mama akamkaribisha kiti. Basi hilo lilikwisha. Lakini alama zangu hazikumuuma kwa ajili ya kabati.

Alikuwa na binti, akasema. Binti huyo alitaka useremala, na alikuwa na jicho la mbao kuliko vijana wote wa karakana. Siku moja, mbele yao wote, yeye fundi akamnyang'anya randa aliyokuwa akilainishia mbao na kumwambia mbao hazikuumbiwa mikono ya mwanamke, akatafute mume. Binti akaondoka. Miaka mitano sasa. Amemwandikia mara nyingi, na hajawahi kujibiwa.

"Siku tatu hizi nimekaa nikizisoma upya barua zangu zote," akasema. "Nimeeleza hasira, nimeeleza umri, nimeeleza jinsi baba yangu alivyonilea mimi. Mwalimu, zote ni kumi na moja kwa ishirini. Nyingine hata hazifiki."

Akaniambia ameandika nyingine alfajiri na ameshaniletea. Akaniomba nisiiguse, niitume hivyo hivyo ilivyo.

Nikaifungua. Mistari minne. "Mwanangu, nilikudhalilisha mbele za watu. Wewe ulikuwa na haki, mimi sikuwa nayo. Naomba unisamehe, na usiponisamehe pia ni haki yako. Baba yako." Nikaituma.

Tukangoja, yeye kwake, mimi kwangu. Saa nne, saa tano. Zilipobaki dakika chache kufika saa sita, jibu likaingia. Barua zake zote hupitia kwangu kwanza, nimefungua makumi yake bila hata kupepesa jicho. Hiyo sikuthubutu. Nikampigia, nikamwambia binti amejibu, afungue mwenyewe.

"Barua za wateja tu naziogopa, sembuse hii," akasema. "Nisomee wewe, mwanangu."

Nikasoma. Binti aliandika kwamba ana karakana yake sasa, ndogo, na wanawake wawili anaowafundisha. Kwamba kila barua ya baba aliifungua akitafuta neno moja, akilikosa anaiweka. "Leo nimeliona. Njoo, Baba. Njoo na randa yako."

Upande wa pili nikasikia mzee analia, kilio cha mtu asiyejua kulia. Machozi yangu nayo yakaja, nikayaacha. Hapo hapo simu ikaanza kulia sikioni, simu nyingine inaingia. Nikatazama kioo. Mkuu wa shule. Saa sita kamili.

Fundi naye aliusikia mlio. Akavuta pumzi, akaniuliza kama kuna mtu ananihitaji, asije akanichelewesha.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hakuna."

Mlio ukaendelea kidogo, ukakatika. Akaniomba nimsomee tena. Nikarudi juu kabisa, kwenye neno la kwanza, nikamsomea pole pole.