Damu ya Bwawa la Kwanza

Kwa siku nne mfululizo nilikuwa naopoa samaki waliokufa katika bwawa letu la kwanza, matumbo juu. Daktari wa mifugo alisema hewa imepungua majini. Tukabadilisha maji mpaka viuno vikatuuma, nao wakazidi kufa.

Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, alipokuja na hadubini yake. Miaka thelathini alipima damu za watu hospitalini, na baada ya kustaafu hakukubali kukaa bure.

"Nishikie mmoja aliyezubaa," aliniambia.

"Wifi, wewe umezoea wagonjwa wanaosema panapouma."

"Hawa afadhali. Hawabishi."

Nilimfunika samaki kwa kitambaa kibichi. Akamchoma sindano karibu na mkia. Damu ilitoka nyepesi, kama sharubati iliyozidi maji. Akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, kisha akachukua na ya samaki asiyeumwa wa bwawa la pili.

"Chungulia. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, za watu hazina. Mwanzo nilidhani macho yamenichezea."

Kwa yule mzima zilijaa tele. Kwa mgonjwa zilikuwa za kuhesabu, nyingine zimepasuka. Zile nyeupe, walinzi wa mwili, zilikuwa zimefurika, na ndani ya mojawapo nikaona vijiti vitatu vyembamba.

"Bakteria hao," alisema. "Wameingia kwenye damu. Hata ukiwaletea samaki mto mzima, watakufa tu."

Daktari alipofika alikunja uso. "Mama, damu ya samaki si ya binadamu."

"Ndiyo maana nimekuwekea na ya samaki mzima. Linganisha mwenyewe."

Aliinamia hadubini, akalinganisha kioo kimoja na kingine. Alipoinuka alisema, "Shikamoo, mama," ingawa alikuwa ameshamwamkia mlangoni.

Siku hiyohiyo alipeleka sampuli maabara. Majibu yakathibitisha, yakataja na dawa ya kuwaua bakteria wale. Tuliwatenga wagonjwa, tukachanganya dawa kwenye chakula. Vifo vikawa tisa, vinne, kimoja.

Kisha ikafika asubuhi niliyozunguka bwawa mara mbili, wavu wangu mkavu. Nikarusha chakula, maji yakachemka kwa samaki. Nilipiga ukelele wa furaha peke yangu, mpaka mume wangu akatoka mbio, povu la sabuni usoni, akidhani kuna msiba.

"Nani kafa?"

"Hakuna!" nikamwambia. "Hata mmoja!"