Siku Kocha Alipokosa Harufu ya Klorini

Jimu ilifungwa miezi saba kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko. Muda wote huo Kocha alifundisha kwa simu, amesimama sebuleni kwa dada yake, akihesabu "moja, mbili, tatu" mbele ya kabati la vyombo, na sahani zikitetemeka kila aliporuka. Dada alivumilia kwa sababu damu ni damu. Lakini tangazo la kuruhusu kumbi za mazoezi kufunguliwa lilipotoka, haijulikani ni nani kati yao aliyefurahi zaidi.

Jimu yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Mwenye jimu alikuwa mjomba wake, mtu wa maneno machache. Alimkabidhi funguo, akamwambia, "Masharti umeyasoma. Fanya yanavyosema. Ukiona hayatoshi, ongeza."

Kocha akaongeza. Alisogeza mashine za kukimbilia mpaka zikaachana hatua tatu tatu, na baiskeli za katikati akazifunika shuka ili mtu asizikalie. Madirisha ya upande wa barabarani yalikuwa yamegandishwa na rangi tangu jengo lilipokamilika. Aliyabandua kwa bisibisi, moja baada ya jingine, hadi kiganja kikatoka malengelenge. Watu wanane kwa saa, basi. Jina na namba ya simu kwenye daftari la mlangoni. Barakoa puani, taulo lako, chupa yako ya maji. Mtu akishuka kwenye benchi, benchi linapanguswa kwa maji ya klorini ambayo Kocha aliyachanganya mwenyewe kila asubuhi kwenye ndoo, makali kiasi cha kumtoa mtu machozi.

"Hapa ni jimu au hospitali?" Tingatinga aliuliza siku ya kwanza.

Tingatinga alikuwa fundi wa malori, shingo pana kuliko kichwa, mtu ambaye vyuma vizito kuliko vyote vilikuwa kama vyake.

"Ni jimu," Kocha akajibu. "Hospitali utaifikia mwenyewe ukiendelea kuacha pua nje."

"Pua yangu kubwa, Kocha. Haienei."

"Kashone inayoenea."

Watu wakacheka, na Tingatinga akacheka nao, akapandisha barakoa. Ila wiki iliyofuata, Jumatatu, aliishusha tena katikati ya zoezi, akaonywa, akaishusha mara ya pili. Kocha akamwonyesha mlango. Alitoka akibamiza kila ngazi kwa kiatu chake, na chini dukani wakadhani kuna kitu kimeanguka.

Saa kumi alasiri ilitengwa kwa wazee na wenye maradhi. Wa kwanza kufika, siku zake za baiskeli, alikuwa Mzee wa Posta, mstaafu aliyepasuliwa moyo mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kuingia. Daktari alimwagiza akanyage baiskeli mara tatu kwa wiki, na jimu zilipofungwa akawa anazunguka kitanda chake hadi mkewe akapata kizunguzungu kwa kumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo nakanyaga dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Na ukikosa pumzi ya kuongea, unasimama."

"Mimi nikose pumzi ya kuongea? Kamuulize mke wangu."

Kocha alimweka kwenye baiskeli ya karibu na dirisha, na yeye akasimama ng'ambo ya chumba, saa mkononi, akimwangalia rangi ya uso.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ya pili, asubuhi, alimimina klorini kwenye ndoo, akaona kama harufu imechuja. Akadhani chupa imekaa sana. Akafungua nyingine. Hakuna kitu. Akainama mpaka macho yakawasha, yakatoa machozi, lakini pua ilikuwa kimya. Alikwenda kwenye kabati, akatoa dawa ya kuchua misuli, ile ambayo mtu akiipaka huku, wa kule anapiga chafya. Akaisogeza puani. Ni kama aliyenusa maji.

Akakaa kwenye benchi. Hakuwa na homa, kipimajoto kilimwambia hivyo mara mbili. Hakukohoa. Kichwa kilimgonga kidogo tangu jana, naye alilisingizia jua. Ilibaki nusu saa tu kundi la kwanza lifike. Alijaribu kujiambia ni mafua. Kisha akawaza uso wa Tingatinga akisikia habari hii, yule mwenye masharti ndiye aliyeuleta ugonjwa, akaona aibu ikimpanda shingoni. Aliwaza pia saa kumi alasiri.

Alifunga madirisha na mlango, akaelekea kupimwa kwa miguu, kwa njia ya nyuma isiyo na watu. Kutoka huko alikwenda nyumbani, akaingia chumbani, akamwambia dada yake kupitia mlango, "Usinifungulie. Chakula niwekee kizingitini."

"Umefanya nini tena?" dada akauliza.

"Sinusi kitu."

Kisha akasikia dada akiwafukuza watoto ukumbini kwa sauti ya chini.

Hakungoja majibu. Daftari alilibeba, lina watu thelathini na mmoja waliofika siku chache zilizopita. Alipiga simu moja baada ya nyingine: huenda ninao, nilikuwa nawe siku fulani, kaa nyumbani, kapimwe. Wengi walishukuru. Mmoja alimkatia simu. Mwalimu mmoja wa chekechea, wa kundi la asubuhi, akasema, "Kocha, chai ya Jumanne." Walikuwa wamekunywa chai pamoja ngazini, barakoa kidevuni, wakicheka.

"Najua," Kocha akasema. "Nisamehe."

Tingatinga ndiye aliyempigia yeye.

"Mbona mlango umefungwa? Niko hapa chini, nimekuja kuomba msamaha, na sasa msamaha unaniishia mdomoni."

Kocha akamweleza, akangoja kicheko.

"Wewe? Na klorini yote ile?"

"Mimi."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Basi lala." Akakohoa kusafisha koo, halafu akaharakisha kusema, "Hicho si kikohozi, ni maneno yamekwama. Ndani kwangu nina mama mzee, Kocha. Uliponifukuza nilikasirika njia nzima. Nilipomkuta kakaa mlangoni ananisubiri, hasira ikaisha."

Kocha alimwacha Mzee wa Posta awe wa mwisho kupigiwa, na sauti ilimkatika kabla hajamaliza salamu.

"Unalia nini?" mzee akauliza. "Ulisimama mbali nami kama askari wa mpakani. Na upepo wa lile dirisha lako umenipiga mgongo mpaka nikakulalamikia kwa mke wangu. Ungefungua leo, mwanangu, ningekuja. Hilo ndilo ninalowaza mimi."

Majibu yalitoka kesho yake: anao. Siku ya nne homa ikampanda, kikohozi kikamkalia kifuani wiki nzima, na dada akawa anakaa upande wa pili wa mlango akimsomea majina ya waliopiga simu kumuulizia. Kati ya wale thelathini na mmoja, aliyeugua alikuwa mmoja tu, mwalimu wa chekechea, naye alipona baada ya siku kumi. Mzee wa Posta alipimwa mara mbili, hana. Tingatinga hana, wala mama yake.

Mjomba alifungua jimu baada ya wiki mbili, na Tingatinga akajitolea kusimama mlangoni hadi Kocha arudi. Habari zikamfikia Kocha kitandani kwamba Tingatinga alimrudisha nyumbani mtu mmoja kwa sababu taulo lake lilikuwa dogo. Watu walikuwa wakimwomba Kocha apone haraka, na hawakuwa wakitania.

Alipopona na kuruhusiwa kutoka, alitaka kupanda ghorofani mara moja. Katikati ya ngazi miguu ilimwishia. Alikaa hapo, mkono ukutani, akihema, yeye aliyezoea kuzipanda mbili mbili. Mzee wa Posta, aliyekuwa akishuka, alisimama ngazi kadhaa juu yake.

"Inuka taratibu," akasema. "Usipande. Rudi chini."

"Nina kazi, mzee."

"Mimi baada ya kupasuliwa niliambiwa nitembee mpaka getini na kurudi, wiki nzima. Getini tu. Nilitukana sana."

Wakatoka nje, kila mmoja kando yake ya njia, mzee akitangulia kwa mwendo wa pole. Kwenye kona aligeuka kumtazama.

"Unaweza kuongea?"

"Naweza."

"Basi twende mpaka pale kwenye nguzo," mzee akasema, "halafu tutaona."

Kocha akamfuata.