Kiti cha Khaemba Kwenye Mechi ya Hamsini

Msumari uligonga bati, ti, mara moja tu, na Phelista akajua kwamba ni saa kumi na moja alfajiri na ni Jumamosi ya mechi ya nyumbani. Stima ilikuwa imepotea mtaani Tuwan tangu jioni, na hakuwasha mshumaa. Msumari ule ulikuwa umelegea ukutani, na kila mara kofia iliyotundikwa hapo ilipochukuliwa, ulirudi nyuma ukagonga. Aliyechukua kofia ni mumewe, Khaemba, aliyekufa mwezi wa pili.

"Chai iko kwa chupa," Phelista alimwambia kutoka kitandani.

Khaemba alimimina nusu kikombe akanywa akiwa amesimama. Mguu wa binti yao Joan ulikuwa umetoka nje ya blanketi, akaufunika. Kisha akarudishia mlango polepole, vile alivyokuwa akifanya zamani ili mtoto asiamke. Kulipokucha Phelista aliona nyayo zake kwenye matope ya mlangoni. Alizifagia, kwa sababu wateja wa mahindi hupita hapo.

Ilikuwa mechi ya arobaini na tisa.

Klabu ya hoki ya Gunia ilianzishwa na watu wa maghala ya mahindi mjini Kitale, na jezi zake zina rangi ya magunia. Uwanja wake una viti elfu moja na mia mbili vya mbao, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe. Watu wa Kitale si watu wa hoki sana, ukweli usemwe. Wengi hawajui kona fupi ni nini. Lakini tangu mechi ya kwanza ya mfululizo hapakuwa na kiti kilichobaki wazi, na hesabu hiyo waliijua mpaka watoto. Rekodi ilikuwa ya timu moja ya Bungoma, mechi arobaini na tisa. Ya Bungoma ilikatika Jumamosi moja ya mvua, watu watatu wenye tiketi walipojikinga chini ya paa la duka wakapitiwa na mechi. Watu hao watatu hawasalimiwi sokoni hadi leo.

Kwenye mechi ya thelathini na saba, jukwaa la mashariki la Gunia lilianguka. Nguzo zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Fundi alikuwa ameiandikia klabu barua mbili, na alikuwa amejibiwa vizuri, kwa heshima, kwamba jukwaa litatengenezwa mfululizo ukishakatika, maana haliwezi kufungwa bila kupunguza viti. Watu kumi na mmoja walikufa. Klabu ikatangaza jioni hiyo kwamba tiketi zote zilikuwa zimeuzwa kabla ya kuanguka, kwa hiyo mechi inahesabiwa.

Hao kumi na mmoja walikaa mochari siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumamosi ya mechi ya nyumbani iliyofuata. Mhudumu alipofika asubuhi akakuta wameondoka, shuka zao zimekunjwa vizuri na kupangwa mwisho wa meza. Wote walikuwa na tiketi za msimu. Jukwaa lilikuwa limeshikizwa kwa miti ya mikaratusi, na hakuna mtu hai aliyekubali kukaa kwenye viti vile kumi na moja. Wakakaa wenyewe, kila mtu namba yake. Langoni alikuwa Lorna, jirani yake Phelista, na kimashine cha kuhesabia watu kidoleni. Alikibonyeza mara elfu moja na mia mbili. Kimashine hakiulizi.

Kuanzia hapo klabu ilisema kwamba hakuna aliyekufa. Walioumia wamepona, wote wanahudhuria. Phelista alipokwenda kwa chifu kuomba barua ya kifo, chifu alimwonea huruma kweli, akamvutia kiti. Lakini alisema hawezi kuandika kwamba mtu amefariki wakati yeye mwenyewe alimwona Jumamosi akila njugu.

Kule chekechea mwalimu aliwauliza watoto baba zao hufanya kazi gani. Joan alisema, "Babangu yuko mechi."

Shida kubwa ilikuwa Ndalu, kijijini kwa kina Khaemba. Mzee Sifuna, babake Khaemba, alikuwa amechimba kaburi kabla mwili haujatoka mochari. Lilikuwa kosa. Alitaka kuwahi, udongo ulikuwa bado laini na vijana wa kuchimba walipatikana siku hiyo. Sasa kaburi lilikuwa wazi kando ya migomba tangu mwezi wa pili, limefunikwa kwa mabati mawili na mawe manne. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, kila mtu Ndalu anajua hivyo. Lisipopewa mwenyewe, linajitafutia mtu wa boma hilo. Mvua ikinyesha Mzee aliingia na ndoo akatoa maji. Mwezi wa sita alianza kukohoa. Mwezi wa saba Phelista alimkuta amelala mle chini, ameweka viatu vyake pembeni kwa mpangilio.

"Nilikuwa napima tu," Mzee alisema. "Lakini linanitosha."

Phelista alimpa mkono akamtoa. Hakumwambia kwamba alikuwa ameona pia alama za vidole vidogo kwenye ukingo wa kaburi, mahali Joan alipokuwa akichungulia.

Majirani walimshauri Mzee azike mgomba. Mtu akipotea kabisa, akichukuliwa na mto asionekane, gogo la mgomba hukatwa kwa kimo chake likazikwa kwa jina lake, na boma likapumzika. Lakini wazee wa kanisa na wazee wa ukoo, ambao mara nyingi hawakubaliani, safari hii walikubaliana kwamba haiwezekani. Khaemba hajapotea. Kila mtu anajua aliko. Yuko mstari wa C, kiti cha kumi na nne.

Jumatatu baada ya mechi ya arobaini na tisa, Phelista alikwenda ofisi ya klabu. Katibu alikuwa Hesbon, mtu wa ukoo mmoja na Khaemba, na kwa hivyo alimwita mulamwa, yaani shemeji. Alimwagizia chai na mandazi mawili. Phelista alieleza yote kwa utaratibu: kaburi, Mzee, kikohozi, mtoto. Alimaliza akaomba mambo mawili, mumewe aachiliwe akazikwe, na siku moja tu kipaza sauti kiseme alikufa pale.

Hesbon alimsikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Alimlipia Khaemba ada ya kidato cha tatu.

"Mulamwa, sisi hatujamshika," alisema. "Anakuja mwenyewe. Si unajua alivyopenda Gunia?"

"Anakuja kwa sababu kiti ni chake. Mwambieni kiti si chake."

"Na nani atakaa hapo? Wewe?"

Phelista alisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Ona sasa. Ni mechi moja tu imebaki, tuwapite hao wa Bungoma. Mji mzima unangoja, bana. Tukishapita, tutaangalia hiyo mambo yako."

"Na nguzo?"

"Hata nguzo," Hesbon alisema, akamfungia lile andazi la pili kwenye karatasi ampelekee Joan.

Njiani kurudi nyumbani Phelista aliwaza jambo ambalo wazee hawakuwa wamewaza. Kama mgomba unaweza kulala kaburini badala ya mtu, unaweza pia kukaa kwenye kiti.

Alhamisi ya wiki ya mechi ya hamsini alikwenda Ndalu akakata gogo la mgomba nyuma ya nyumba ya Mzee. Alilikata kwa kimo cha Khaemba, akikumbuka mahali kichwa chake kilipofika kifuani mwa mumewe walipokuwa wakipigwa picha. Mwenye bodaboda, Kipkosgei, alilifunga wima nyuma yake, Phelista akakaa mwisho akilikumbatia. Kule Kitale Kipkosgei alisema huyo ni mteja mtulivu kuliko wote aliowahi kubeba, hata kona hakupiga kelele.

Ijumaa jioni Phelista alichukua kofia mwenyewe kutoka kwenye msumari, akaivisha gogo, akalisimamisha kando ya mlango. Alfajiri hakuna kilichogonga. Khaemba alisimama gizani, mkono ukitafuta ukutani. Phelista aliwasha mshumaa. Mumewe alilitazama gogo kwa muda, kutoka chini hadi juu.

"Ati mimi nilikuwa mnene hivi?"

"Ulikuwa unakula vizuri."

Akatabasamu kidogo. Kisha akauliza kama itakubalika, maana akikosa yeye watakuwa elfu moja mia moja tisini na tisa, na watu watamchukia kama wale watatu wa Bungoma.

"Lorna amesema anabonyeza kila kinachopita na tiketi," Phelista alisema. "Baba Joan, twende nyumbani. Babako anaumwa."

Khaemba alitoa tiketi ya msimu mfukoni, akaichomeka kwenye ganda la mgomba, mahali ambapo pangekuwa mfuko wa shati.

Lorna alilipeleka gogo uwanjani kwa mkokoteni. Kipkosgei aliwabeba watatu hadi Ndalu. Joan alikaa mbele kwenye tangi, na nyuma babake alikuwa mwepesi kiasi kwamba pikipiki haikulemewa kilimani. Mzee Sifuna alikuwa ameshaondoa mabati na kutoa maji. Alimshika mwanawe mkono akamsalimia kwa Kibukusu, akamwambia amechelewa. Khaemba alisema hoki ina mambo mengi. Alizunguka boma, akasalimia shangazi zake mmoja mmoja, akala ugali na kuku kiasi, akanawa. Alimbeba Joan akampa paja la kuku alilokuwa amemwekea. Kisha akavua viatu akashuka, akalala, akajisogeza kidogo kushoto palipokuwa na jiwe.

"Ni pazuri," alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, na Phelista aliyaona kuwa mazuri.

Mchungaji aliomba kwa ufupi. Mzee alirusha udongo wa kwanza, Phelista wa pili, Joan wa tatu. Walipokuwa bado wanafukia, redio ya jirani ilitangaza kutoka Kitale kwamba uwanja wa Gunia umejaa kwa mara ya hamsini mfululizo, na rekodi imehama kutoka Bungoma. Honi zikalia. Mtangazaji akasema zawadi ya shabiki mwaminifu imekwenda mstari wa C, kiti cha kumi na nne, kwa Bwana Khaemba, ambaye hajakosa hata mechi moja, na ambaye kwa unyenyekevu wake hakutaka kusema neno kwenye kipaza sauti. Wenye makoleo hawakusimama.

Siku tatu baadaye Phelista alinyolewa nywele pamoja na jamaa wote, kama inavyotakiwa. Kikohozi cha Mzee kilipungua. Usiku walilala.

Jumatano Phelista alirudi kwa chifu, kichwa kikiwa wazi na baridi. Chifu alimpa pole ya nywele. Kuhusu barua, alisema sasa imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mtu huyo amepewa zawadi hadharani Jumamosi. Hesbon naye alimpokea kwa furaha, akamwita mulamwa, akampa shuka mbili na thermosi, ile zawadi ya shabiki mwaminifu, ampelekee mumewe. Alimuuliza pia, kwa sauti ya chini, migomba ya namna ile inapatikana wapi. Jukwaa la magharibi nalo lilikuwa limeanza kuyumba, na watu hai walikuwa wanaliogopa. Phelista aliuliza kuhusu nguzo. Hesbon alisema sasa lengo ni sitini.

Familia nyingine kumi zilisikia, nazo zikakata migomba. Kwenye mechi ya hamsini na moja, magogo kumi na moja yalikaa upande wa mashariki, yote na kofia, na upande wa magharibi yalikaa mia mbili ya klabu yenyewe, yaliyoletwa na lori. Lorna alibonyeza mpaka kidole kikavimba. Uwanja ulijaa.

Phelista alikuwa langoni na sufuria yake ya mahindi, Joan kando yake kwenye debe. Kutoka hapo kiti cha kumi na nne kilionekana vizuri. Gogo lilikuwa limetoa jani jipya katikati, la kijani kibichi, limeisukuma kofia upande. Chini ya jukwaa, ile miti ya mikaratusi ilikuwa imeanza kutoa unga mwembamba, na mchwa walikuwa wanapanda kwa mstari.

Mtangazaji aliomba watu wote wasimame, watulie. Alisoma idadi. Alisema klabu inajivunia kwamba katika mechi hamsini na moja mfululizo, kila shabiki aliyeingia kwenye uwanja huu ametoka salama, akawaomba wakae kimya kidogo wamshukuru Mungu kwa hilo. Wachezaji waliinamisha magongo. Walio hai walivua kofia. Migomba haikutikisika. Hata wauza njugu walinyamaza.

Joan alisimama juu ya debe.

"Babangu alikufa hapa," alisema.